Mikono Inayokuja kwa Nyuma

Kila Ronny alipomkaribia kwa nyuma, Zoya aligeuza shingo.

Hakukusudia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona na ndoo yangu ya maji, nikauona uso wake vizuri. Alikuwa amechuchumaa sawasawa, magoti yamekunjwa, macho mbele, mwanamke aliyeanza kukimbia juu ya barafu akiwa na miaka minane. Halafu vyuma vya viatu vya Ronny vikaanza kusikika nyuma yake, kshh, kshh, kshh, na shingo ikageuka yenyewe, kama shingo ya kuku anayesikia nyayo za mwenye kisu. Shingo ikigeuka, bega linafuata. Bega likifuata, mguu unapotea njia. Ronny akakosa kiuno, akasukuma hewa, na wote wawili wakaenda kujibwaga.

"Manze, madam, usinicheki!" Ronny alilalamika, halafu akakumbuka huyu ni Mrusi, akarudia kwa Kiingereza cha polepole. "Usiniangalie. Angalia mbele. Huku nyuma niko mimi tu."

"Najua ni wewe," Zoya akasema. Alikuwa amekaa chini anakung'uta chembe za barafu kwenye suruali. "Kichwa kinajua. Shingo haijui."

Akainuka. Wakajaribu tena. Shingo ikageuka tena.

Hiyo ilikuwa Doha, mwezi wa tano mwaka 2013, asubuhi kabla jumba la maduka lenye uwanja wetu wa barafu halijafunguliwa. Nje joto lilishaanza kupanda, vioo vya mlangoni vinatoka jasho. Humu ndani sisi tumevaa makoti. Kazi yangu ilikuwa kugawa viatu vya barafu kwa wateja, kuvipokea, kufuta vyuma vyake visipate kutu, na kurekebisha barafu kwenye kona kwa maji ya ndoo pale watoto wa watu wanapoichimba. Ronny, Mkenya wa Nairobi, alikuwa mlinzi wa barafuni, yule anayezunguka na filimbi kuwazuia vijana wasigongane. Kwao alikuwa akicheza na viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya magari siku za Jumapili, kwa hiyo barafu haikumsumbua. Akinyi, naye Mkenya, aliuza tiketi. Mimi na Akinyi tulilala chumba kimoja kwenye nyumba ya wafanyakazi kule Najma, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini.

Zoya alikuwa mwalimu. Jioni aliwafundisha watoto wa matajiri, mayaya wao wamejipanga ukutani na majaketi mikononi. Asubuhi mudiri, meneja wetu, alimwachia barafu iwe yake. Na asubuhi ndipo tulipomjua.

Mbio zake ni zile fupi za kuzunguka. Wanakimbia wanne au watano pamoja, kwenye kiduara kidogo sana, bega kwa bega, kila mmoja ana vyuma virefu miguuni vyenye makali kama ya kisu cha bucha. Kwenye kona wanalala upande mpaka vidole vya mkono wa kushoto vinagusa barafu. Ndiyo maana glavu yake ya kushoto ilikuwa na ncha ngumu za gundi, kila kidole kama kimevishwa ushanga. Na zikiwa mbio za kupokezana, hakuna kijiti. Wewe unakuja kwa kasi, mwenzako anaingia mbele yako, anachuchumaa, unamsukuma kiunoni kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote, naye anaondoka na mwendo wako. Anayesukumwa haangalii nyuma. Anasubiri mikono tu. Akigeuka, wameanguka wote.

Aliniambia habari zake kidogo kidogo, mimi nikifuta vyuma vyake, yeye amenyoosha mguu kwenye benchi. Amezaliwa mji mdogo kando ya mto Volga. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa akimwaga maji uani kwa mpira wakati wa baridi, asubuhi yameganda, pamekuwa uwanja. Akapelekwa shule ya bweni ya michezo, akalia mwaka mzima, mwaka wa pili akaacha kulia. Akaingia timu ya taifa. Wasichana wanne wa kupokezana, wanalala chumba kimoja, wanasukana nywele, wanashinda medali. Aliyekuwa akimsukuma yeye siku zote ni Larisa.

Halafu ikaja ile fainali ya mwaka 2009. Larisa alikuja kwa kasi, mtu wa timu nyingine akamparamia, mikono ikampata Zoya upande mmoja badala ya miwili. Zoya akaenda ukutani miguu mbele. Na nyuma yake akafuata Larisa, naye ameanguka, vyuma vimetangulia.

"Sikusikia maumivu," alisema. "Niliona barafu inakuwa nyekundu. Nikafikiri mtu kamwaga juisi."

Akapandisha suruali kidogo. Kovu lilianza juu ya goti likapanda kwenda nisikokuona. Nilifunika mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa nikivishika vyuma vile kila siku. Siku moja vilipasua glavu yangu ya ngozi nilipovipapasa tu. Tangu aliponionyesha lile kovu sikuweza tena kumtazama akikimbia bila macho yangu kushuka kwenye vyuma.

Alipona. Akarudi. Akikimbia peke yake hakuna tatizo, anapaa. Lakini kwenye kupokezana, mwaka 2011, wako nusu fainali, Larisa anakuja nyuma, na Zoya akageuka. Wakatolewa wote wanne. Tangu siku hiyo Larisa hakumsemesha. Timu ikamwacha. Mume wake akapata kazi ya mabomba ya gesi huku Qatar, wakaja kukaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya nne, mahali ambapo barafu ni ya kwenye friji na ya hapa kazini kwetu.

Sasa michezo mikubwa ya baridi ilikuwa inakwenda kwao, Urusi, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Timu ilihitaji mtu mmoja wa akiba wa kupokezana. Zoya akamwandikia kocha wake wa zamani. Kocha akajibu maneno machache, Zoya akanisomea mwenyewe: *Kasi yako naijua. Nionyeshe unasukumwa bila kugeuka. Picha ya video, si maneno. Jumamosi nafunga majina ya kambi.*

"Nina miaka thelathini," Zoya alisema. "Hakuna msimu mwingine utakaonisubiri."

Halafu akaniita jina, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa, "Tatu, naogopa."

Nilimshika mkono tu. Ulikuwa na baridi hata ndani ya glavu.

Jioni ile nilimpigia simu mama yangu kule Muheza, kumuuliza habari za mwanangu Hidaya. Nilimwacha ananyonya, sasa alikuwa anajishika kwenye meza na kusimama.

"Hatembei bado?" nikauliza.

"Anasimama, anatuangalia, anakaa. Na huyo mdogo wako kila saa anamsukuma mgongoni ati aende. Nimemwambia, hebu ondoka huko. Mtoto hasukumwi, mtoto anaitwa. Kaa mbele yake."

Nilikata simu nikalia kidogo, kwa sababu aliyetakiwa kukaa mbele yake ni mimi.

*

Tatizo la kwanza lilikuwa ukuta. Kwenye mashindano ukuta wote huvikwa matandiko manene, mtu akiteleza anazama ndani yake. Wetu ulikuwa plastiki ngumu, una matangazo ya saa na manukato. Kwa hiyo Zoya na Ronny walikuwa wakifanya nusu ya mwendo, na kocha asingetaka nusu ya mwendo. Mudiri alipoombwa matandiko akacheka, akasema inshallah, na sisi tunaijua ile inshallah.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la viatu tunakula, na Ronny hakuwa na hamu hata ya chapati yake.

"Mimi siwezi kumsukuma full," alisema. "Huyo mtu akienda kwa ile ukuta, amekwisha. Na ni mimi nimemtuma. Angalieni." Akanyoosha mikono yake mbele yetu. Ikafika nusu, ikarudi kifuani. "Kila nikimfikia, hii mikono inataka kurudi."

"Si tuko na magodoro?" Akinyi akasema.

"Magodoro gani?"

"Ai, Ronny! Nyumba yote ya Najma imejaa magodoro. Kila mtu akimaliza mkataba anaacha lake kwa korido. Tunalala kwa mengine na mengine yanatuangalia."

"Na kunguni wake pia uwalete wajifunze kuteleza?"

"Kunguni wako ndio watateleza. Magodoro yetu yako ndani ya nailoni."

Hilo lilikuwa kweli. Pale Najma hakuna aliyevua nailoni kwenye godoro jipya. Unalala juu yake linalia kwacha kwacha usiku kucha, lakini kunguni hawapati pa kuingilia.

Bwana Saidi, mzee wa Tanga aliyeendesha basi la wafanyakazi, alikubali kwa masharti kwamba tusimtaje. "Mimi nimebeba watu," alisema. "Kama watu wamebeba magodoro, hilo ni la kwao na Mungu wao."

Magodoro ya koridoni hayakutosha. Likapungua moja, na Akinyi akasema atatoa lake.

Lakini godoro la Akinyi lilikuwa limechanika nailoni kitambo, na lilikuwa na historia. Chai, mafuta ya nywele, jasho la miaka miwili. Alilitazama muda mrefu.

"Hili siwezi kupeleka hivi."

"Dada, ni la kupigwa na miguu," nikamwambia.

"Huyo mama hajawahi kuingia kwangu. Sasa kitu cha kwanza aone ni hiki? Kwetu hatupelekei mgeni kitu chafu, Tatu. Hata kama ni cha kukanyaga."

Jumatano akalipandisha juu ya paa, akalisugua kwa sabuni na brashi, akalikanyaga kanyaga maji yatoke, akaliegemeza kwenye tangi juani. Alhamisi lilikuwa limekauka, kavu kabisa ukiligusa, linanukia kama nguo za sikukuu. Akalivika shuka lake la maua, lile la kuletewa na dada yake. Tulipolibeba kwenda kwenye basi, mimi mwisho mmoja yeye mwisho mwingine, nikasema, "Godoro lako zito, dada."

"Ni zito kwa sababu ni godoro. Yenu ni mikate."

Tulicheka mpaka bwana Saidi akapiga honi.

Alhamisi baada ya kufunga tukayapanga. Tuliyasimamisha juu ya barafu, yameegemea ukuta wa ile kona inayofuata baada ya kusukumwa, kwa sababu mtu akisukumwa vibaya huko ndiko anakokwenda. Tukayafunga pembe kwa pembe kwa kanga zangu na za Akinyi, yeye huziita leso, pasiwe na mwanya. Zoya akapita akiyagusa moja moja. Alipofika kwenye lile la maua akalikumbatia, akasema kitu kwa Kirusi.

"Amesema nini?" Akinyi akauliza.

"Sijui. Lakini ni kizuri."

Tukayaacha hapo hapo. Ijumaa asubuhi hapafunguliwi mpaka watu watoke msikitini, hakuna ambaye angeyaona.

*

Ijumaa asubuhi na mapema bwana Saidi alitushusha mlangoni.

Barafu ilikuwa imelala kimya, inang'aa. Zoya alivaa polepole. Akafunga kofia, akagonga ncha za glavu kwenye kofia, tak tak tak, kama anavyofanya siku zote, akasimama akiangalia kona yenye magodoro. Midomo yake ilikuwa myeupe.

Akinyi alisimama juu ya benchi na kamera ya Zoya. "Nitabonyeza hapa tu?"

"Hapo tu. Na usiache kushika."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, kwenye kona, na ndoo. Walizunguka polepole kwanza kupasha miguu. Niliwasikia wakinipita, vyuma vyao vinakata kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Halafu wakaongeza. Ronny akainua mkono: sasa. Zoya akaenda ndani ya duara, kama wanavyosubiri, akaanza kuteleza sambamba naye akitafuta mahali pa kuingilia.

Nikaona shuka la maua limelegea upande mmoja. Nikainama juu ya ukuta nilivute, lisije likamnasa mguu.

Halikuja. Lilikuwa gumu.

Nikabonyeza godoro juu: laini, lakini linatoa unyevu. Nikashusha mkono katikati: baridi, zito. Nikazidi kuinama mpaka kiganja kikafika chini kabisa, pale miguu ya mtu inapofikia akiteleza. Nikagonga. Likanijibu kama jiwe.

Nilielewa mara moja, na nilitamani nisielewe. Jua lilikausha ngozi yake tu. Ndani lilibaki na maji yote ya paa la Najma. Tulipolisimamisha, maji yakashuka chini. Na chini palikuwa na barafu. Sasa lilikuwa limeganda pamoja nayo, kizingiti cha jiwe kilichovishwa shuka la maua, na Zoya alikuwa anakiamini kuliko ukuta wenyewe.

Nikainua kichwa. Zoya alishaingia mbele ya Ronny, upande wa mbali, ameelekea kwangu. Ronny alikuwa anakuja kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao.

Mdomo wangu ulifunguka nipige kelele. Ukabaki wazi. Nikipiga kelele atashtuka. Akishtuka atageuka. Akigeuka atakuja hapa hapa, miguu mbele. Nikinyamaza, na shingo ikafanya inavyofanya kila siku, atakuja hapa hapa vilevile.

Nilishika pembe ya leso nifungue nilivute godoro la pembeni lifunike. Fundo lilikuwa limeganda nalo. Kucha zangu ziliteleza.

Sijui nilikuwa na akili gani. Nilipanda juu ya ukuta nikajidondosha upande wa pili, nikaanguka kwa nyonga, nikajisukuma mpaka mgongo wangu ukagusa lile jiwe. Nikakaa pale. Nilifikiri: akija, atapiga kitu laini. Halafu nikafikiri vyuma vinavyotangulia. Halafu nikamfikiri Hidaya amejishika kwenye meza, na nikaona baridi imeingia mpaka kwenye meno.

Nilimwona Zoya. Nilikiona kidevu chake kinaanza kuondoka kuelekea begani, kama kila siku, kidogo tu. Hapo macho yake yakanipata.

Yakabaki kwangu. Yalitanuka, makubwa, ya bluu, hayakuondoka. Nyuma yake Ronny alifika, akainama, mikono miwili ikampiga kiunoni kwa sauti niliyoisikia kule nilikokaa.

Zoya akaja.

Nisingependa mtu yeyote aone kile kitu kikija kwake. Alikuwa mkubwa, halafu mkubwa zaidi, na mbele yake vyuma viwili vinang'aa. Nikafumba macho. Nikafungua. Alikuwa amelala upande, amelala kuliko siku zote, kofia karibu iguse goti, na zile ncha za glavu zinaimba juu ya barafu. Maji na vumbi la barafu vikanipiga usoni. Akapita. Ningeunyoosha mkono ningemgusa.

"Yesuuu!" Akinyi akapiga ukelele, na nikasikia kitu kinapasuka sakafuni.

Zoya alizunguka nusu duara ndipo akaweza kusimama. Akarudi kwangu anahema, akanishika mabega, akanitikisa. Alianza na Kirusi, akahamia Kiingereza, maneno yakawa yanagongana.

"Una mtoto! Una mtoto, na unakaa mbele ya chuma! Wewe ni mwendawazimu?"

Nilisogea, nikamwonyesha godoro nyuma yangu.

Akalipiga godoro kwa kisigino. Tok. Akapiga tena, juu kidogo. Tok. Uso wake ukabadilika rangi.

Akinyi alikuwa amefika ukutani, ameshika kamera, mfuniko wake unaning'inia. "Nililiosha," alisema. "Madam, nililiosha tu."

"Kwa nini?"

"Si ni la kukuletea wewe."

Zoya alimtazama. Nilifikiri atamtukana, na nafsi yangu ikajikunja kwa ajili ya Akinyi, kwa sababu hata mimi nilikuwa na hasira naye na kumhurumia kwa pamoja. Zoya akavuta shuka la maua lililoganda, akafuta nalo uso, akakaa chini kwenye barafu kando yangu.

"Madam." Ilikuwa sauti ya Ronny. Alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti. "Umejua chenye umefanya?"

"Nimefanya nini?"

"Hukugeuka."

Mashine za baridi zilikuwa zinanguruma chini yetu.

"Hapana," Zoya akasema polepole. "Nilikuwa namwangalia yeye."

Ronny akageukia kamera. "Sema umeshika hiyo, Akinyi. Tafadhali sema umeshika."

Akinyi akabonyeza, wakaangalia pamoja. Kulikuwa na Ronny anakuja, Zoya anachuchumaa, halafu dari, taa za dari, na sauti ya mtu anamwita Yesu.

*

Kwa hiyo ilibidi warudie, na nikwambie kweli, mara ya pili ndiyo iliyoniogopesha zaidi, kwa sababu sasa nilijua.

Tulimwaga maji ya moto ya ndoo yangu chini ya godoro mpaka likaachia, tukalivuta wanne, likaacha kidonda kwenye barafu. Tukasogeza mengine kuziba pengo. Safari hii niligonga kila moja, juu, kati, chini. Akinyi alinifuata akigonga niliyokwisha kugonga. Zilisikika adhana, za huku na za kule, zikipita kwenye milango ya vioo. Baada ya sala milango ingefunguliwa, supavaiza angekuja, na nani angemweleza habari za magodoro? Kuna watu wamerudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Mara moja," Ronny akasema. "Barafu ya kona haitakubali tena."

Zoya alijaribu kugonga ncha za glavu kwenye kofia. Mkono ukakosa. Akajaribu tena.

"Tatu," akaita. "Simama palepale. Nyuma ya ukuta. Nikuone."

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Kuwepo tu."

Nikasimama. Wakaanza. Zamu hii hakukuwa na jiwe mbele yake, kulikuwa na mimi tu na koti langu la kazini, na niliona kutoka mbali kwamba hofu yake imerudi yote, imemkalia shingoni. Ronny akaja. Kshh, kshh, kshh. Zoya akaingia mbele yake, akachuchumaa. Kidevu kikatikisika. Kikaenda upande. Kidogo.

Nikaweka mikono yangu miwili juu ya ukuta, viganja wazi, kama unavyomfanyia mtoto. Sikupaza sauti. Nilikuwa nanong'ona, hata yeye asingesikia. Njoo, mama. Njoo, njoo. Huku.

Kidevu kikarudi.

Mikono ikampiga kiunoni, akaja, akalala kwenye kona, akanipita. Zamu hii hakunitazama alipofika kwangu. Alikuwa anaangalia anakokwenda. Akazunguka, akazunguka tena, mwendo wa Ronny bado umo ndani yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia imetosha. Akinyi alikuwa ameng'ata leso asipige kelele, kamera ameishika kama mtoto mchanga.

Tuliyaondoa magodoro kabla supavaiza hajafika, na jioni Zoya akamtumia kocha ile video. Akinyi alilala na mimi kitanda cha chini siku zile, miguu yake usoni kwangu. Godoro lake lilichuruzika koridoni mpaka majirani wakauliza nani kapasua bomba.

Jumapili asubuhi Zoya alikuja na simu mkononi, hajavaa viatu vya barafu. Nilijua kuna jibu. Nilisimama na kitambaa changu.

"Soma," nikamwambia.

Akasoma. *Shingo imetulia. Njoo kambini. Atakayekusukuma ni Larisa.*

Niliruka. Ronny alipiga filimbi peke yake kule katikati mpaka ikakauka. Lakini Zoya alikaa kwenye benchi la viatu, simu mapajani, na uso wake ulikuwa ule ule wa Ijumaa.

"Miaka miwili hajanisemesha," alisema. "Ananichukia. Nitachuchumaa mbele ya mtu anayenichukia. Na wewe hutakuwepo kwenye kona. Naogopa, Tatu."

Nilikaa karibu naye. Nilimtazama Ronny akizunguka, mikono amekunja nyuma, na nikakumbuka alivyoinyoosha mbele yetu siku ile ya chapati.

"Yeye anaogopa kuliko wewe," nikasema.

"Nani?"

"Larisa. Vyuma vilivyokukata vilikuwa vyake. Muulize Ronny inakuwaje kumsukuma mtu unayeogopa kumuumiza."

Zoya alimwangalia Ronny, ile mikono yake. Halafu akatafuta jina kwenye simu, kidole kikasimama juu yake hakiteremki. Nilimwekea kiganja mgongoni, nikakiondoa haraka. Nikahama nikakaa benchi la mbele yake.

Akanitazama. Akabonyeza.

Iliita sana. Ilikuwa Jumapili, bado mapema. Halafu ikapokewa, hakuna neno, pumzi tu, nilizisikia hata mimi. Zoya akafungua mdomo.

"Larisa," alisema. Yaliyofuata yalikuwa Kirusi, akanitafsiria baadaye. "Ni mimi. Usikate."

Hakukata.